Mwacheni mtoto na punda wake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako manake hili jambo limenikaa moyoni tangu mkutano wa wazazi uliopita, na pale mkutanoni sikupata hata nafasi ya kunyoosha mkono, nilikuwa nyuma kabisa na mtoto mdogo amenilalia mapajani. Mgeni mmoja alisimama akatueleza kwamba watoto wa Lamu wana talanta lakini zimelala, na eti dawa ya kuziamsha ni tuisheni ya likizo, tableti yenye programu za kuchora, na mwenye uwezo ampeleke mwanawe Mombasa ama Nairobi akafunzwe na wanaojua. Watu wakapiga makofi. Mimi nikabaki kujiuliza huyu bwana kutoka jeti ya mashua mpaka hapa skuli amepita njia gani asiwaone watoto wetu wanafanya nini.

Mimi si mwalimu. Ni fundi wa kushona, nashona madera na buibui nyumbani kwangu Langoni, cherehani nimeiweka karibu na mlango kwa ajili ya mwangaza kwa hivo njia nzima naiona. Mwanangu wa kike ana miaka sita, yuko Grade 1, na kitu anachokipenda kuliko vyote ni punda. Si farasi wa katuni mwenye nywele za rangi rangi, hapana, punda hawa hawa wanaobeba mchanga na saruji na mawe kutoka kwenye mashua, wanaokubana ukutani asubuhi ukiwa umevaa buibui ndio kwanza limepigwa pasi. Vichochoro vyetu havipitishi gari, mzigo ni punda ama mkokoteni ama kichwa cha mtu, kwa hivo mtoto huyu hakuhitaji kutafutiwa hobi, ilikuwa inapita mlangoni kutwa nzima na harufu yake.

Alianza kwa kuwapa majina. Alafu akawa anajua yupi ana sikio limechanika, yupi ni wa nani, yupi akishatuliwa mzigo hurudi kwao peke yake bila kuongozwa na mtu, yupi akifika pale penye sakafu ya utelezi lazima asimame afikirie kwanza. Ikafika pahali punda akilia nyuma ya nyumba anakwambia huyo ni fulani, ukitoka kutazama na kweli ni yeye. Akachukua simu yangu akawa anawarekodi, na mimi sikumkataza, simu si shetani ikitumika kwa kazi. Ila siku moja nimeketi kwenye shughuli ya kina mama, kimya, dua inasomwa, simu ikalia ndani ya pochi na ilikuwa ni punda, kashaifanya ringtoni. Wallahi nilitafuta pa kujificha.

Majirani nao wakaanza. Mtoto wa kike na punda wapi na wapi. Atanuka, atapigwa teke, ataolewa na nani. Shangazi yangu mmoja akaniambia samaki mkunje angali mbichi, nikamwambia shangazi huyu wangu hata majini hajatoka bado wamkunja nini.

Sasa nieleze nilichofanya, manake ni kidogo mno na ndio sababu ya barua hii. Nilimpa lile boksi langu la vibaki vya vitambaa, chaki ya fundi iliyovunjika, na daftari lisilo na mistari. Basi. Saa alizonazo ni zile baada ya chuoni, madrasa, mpaka adhana ya magharibi, na saa hizo hatumwi dukani wala haulizwi homuwaki, labda kuwe na dharura. Akija kuniuliza kitu nisichokijua nasema sijui twende tukamuulize mwenye kujua, na akinionyesha mchoro simwambii mzuri sana alafu nikarudi kwenye sindano, namuuliza huyu anafanya nini, amebeba nini, huku nyuma kuna nini. Mtoto ukimwambia mzuri sana mazungumzo yameisha hapo, atasema asante ataenda zake, lakini ukimuuliza huyu punda kwa nini kichwa kakiinamisha utapewa hadithi mpaka sindano ikuchome.

Kuhusu michoro nina kisa kimoja. Alichora punda kwa upande, alafu akampiga mstari mweusi toka shingoni mpaka mkiani na mwingine unaoteremka begani. Skuli (sitaitaja, na mwalimu mwenyewe ni mtu mzuri) akaambiwa amemchafua punda, afute. Akaja nyumbani ameununa mdomo umefika Mokowe, ng'ambo ya maji. Tukakaa mlangoni kungoja, akapita wa kwanza, akapita wa pili, wa tatu, na kweli bwana mistari ipo, mmoja wa mgongoni na mmoja unaokatisha mabegani, wengine umekolea wengine umefifia kwa vumbi la saruji. Mimi nimezaliwa hapa na nimeolewa hapa na huo mstari sijawahi kuuona kwa macho yangu ya kutazama. Mtoto wa miaka sita kauona. Na huo ndio ubunifu ninaousema mimi, haujaanza kwenye rangi wala kwenye tableti, umeanza kwenye kutazama kitu kimoja muda mrefu kuliko wenzako. Kesho yake nilimpa barua ndogo ampelekee mwalimu, sikugomba, niliandika tu kwamba tafadhali siku mukitoka nje mutazame punda mgongoni. Mwalimu aliwatoa watoto wote wakaenda kutazama, na hilo nampa heko.

Kisha kuna babu mmoja mwenye punda hapa mtaani, jina namhifadhia. Mzee mkali kwa watu wazima lakini kwa watoto ni sukari. Mtoto alikuwa akimfuata nyuma nyuma, mzee akageuka akamwambia, "Ndoo mwanangu, pita mbee, nyuma kuna maguu," yaani njoo upite mbele, nyuma kuna miguu ya kukupiga teke. Tokea hapo wakawa marafiki. Alimfundisha kwamba punda unamjia kwa mbele na pembeni akuone, kwamba masikio yake kila moja hugeuka kivyake na ukitazama yameelekea wapi utajua anawaza nini, na kwamba kidonda cha punda mara nyingi si cha bakora, ni cha mzigo uliokaa juu ya mgongo mtupu ukisugua pale pale kila siku. Hilo la kidonda lilimuingia. Akarudi nyumbani akaniambia mama nataka kumshonea punda tandiko.

Hapa mhariri nivumilie kidogo manake hapa ndipo penye utamu. Alichukua vibaki vya dera akavikusanya, akaniomba sindano kubwa, akashona mfuko mkubwa kama mto wa mtoto mchanga, ndani akajaza vibaki vingine. Mshono unakwenda kama mlevi. Hatukuugusa, mimi wala babake, ingawa mikono ilikuwa inaniwasha nakwambia. Akaupeleka. Yule mzee hakucheka, aliupokea kwa mikono miwili akamuweka punda mgongoni, ukakaa pale juu kama kofia. Akasema, "Huu utamfaa mwanawe akizaa." Mtoto akafikiri. Akarudi mbio kuchukua futi yangu ya kushonea, akaenda kumpima punda tumbo kwa kumzungushia, mzee kamshikia upande wa pili, akaja na namba imeandikwa kwa biro kwenye kiganja, 44, inchi hizo. Namba ya skuli ilikuwa ikimliza machozi, hii ya kwenye kiganja hakutaka kuinawa mpaka usiku. Alafu akagundua mwenyewe kwamba kitambaa cha dera kinateleza hakifai, akataka gunia. Akagundua vibaki ndani vinajikusanya upande mmoja, akaomba nimuonyeshe jinsi magodoro yanavyotobolewa yakafungwa uzi katikati yasihame, na hicho ndicho kitu pekee nilichomfundisha kwenye kazi nzima, kwa sababu aliuliza.

Tandiko la tatu mzee analitumia. Si kwa kumfurahisha mtoto, analitumia kweli na mchanga unapanda juu yake.

Na tazama mapenzi ya mtoto yanavyojitanua yenyewe ukiyaacha. Alitaka kujua yule punda mwenye mimba mbona hazai, tukaenda kuuliza kwenye kliniki ya punda pale mbele ya bahari, ile ya The Donkey Sanctuary, shirika la Uingereza ambalo liko hapa Lamu tangu 1987 na wanatibu bure, tukaambiwa punda hubeba mimba kama mwaka mzima na wengine hupitisha. Mtoto akahesabu miezi kwa vidole, vidole vikaisha. Akasikia kwenye redio habari za ngozi za punda, ikabidi babake amueleze kwamba kuna nchi za mbali wanazichemsha ngozi kutengeneza dawa na kwamba mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakakubaliana kuisimamisha biashara hiyo miaka 15. Akauliza Addis Ababa ni mbali kuliko Mombasa? Ramani ikashushwa. Hapo umeshapata hesabu, sayansi, jiografia na siasa kidogo, na wewe mzazi hujatoa shilingi.

Kwa hivo mtu akisimama kuniambia talanta za watoto wetu zimelala namuonea huruma. Hazikulala, ni sisi tunaozipita.

Tena si wasichana na punda tu. Tazama wavulana wa pwani na vile vidau vyao vya ndara kuukuu, ndara imechongwa kwa kisu ikawa chombo, kijiti kikawa mlingoti. Zamani tanga lilikuwa mfuko wa plastiki, lakini tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Agosti 2017 wanakuja kwangu kuomba vibaki. Juzi kuna mmoja wa miaka saba nilimkatia pembetatu nzuri pande zote sawa, akanitazama kama fundi anavyomtazama mteja asiyejua. "Siyo hivo mama, huku kuwe kurefu huku kufupi, ama upepo hautaushika." Akachukua mkasi. Huyo hajui kusoma vizuri bado na watu wanasema ni mzito. Mzito wa nini? Mtoto anajua upepo unaingiaje kwenye tanga.

Na wale wanaosema huo ni uchafu wa pwani nawakumbusha Flipflopi. Ile jahazi ya plastiki iliyoundwa hapa hapa kwetu na fundi Ali Skanda na wenzake, urefu mita 9 hivi, tani 10 za plastiki iliyookotwa na juu wakaipamba kwa ndara kuukuu kama 30,000, ikashushwa majini Septemba 2018 na Januari iliyofuata ikaanza safari ya kwenda Zanzibar, kilomita 500 hivi. Dunia nzima ikaja kupiga picha. Sisemi kila mtoto mwenye kidau ataunda jahazi, nasema watu wazima wenye akili zao walikaa wakafanya kazi na ile ile takataka ambayo mtoto akiishika tunamwambia tupa huko.

Nije kwenye skuli manake najua nitaulizwa. Huu mtaala wa umilisi, CBC, ulipoenea nchi nzima kuanzia 2019 tuliambiwa ubunifu ni mojawapo ya umilisi saba zinazotakiwa mtoto azipate na mzazi ashirikishwe. Mimi nilifurahi na bado nauunga mkono. Lakini tumeushirikisha vibaya. Mtoto anaambiwa atengeneze kitu, saa tatu usiku mama ndiye anayekata makaratasi, baba yuko saiba, duka la kompyuta, kuprinti picha ya rangi, na mtoto amelala fofofo. Asubuhi kazi inapelekwa inang'ara, mwalimu anatia alama, alama ni za mama. Mimi kama fundi nimeletewa kazi hizo nishone, watu wananilipa kabisa, na nimekataa hela za watu. Mlete mtoto mwenyewe nimkalishe hapa nimuonyeshe kushika sindano, hiyo sitaki malipo. Mmoja tu ndiye aliyeletwa.

Na sasa kwa kuwa wakubwa wao wameingia Grade 10 mwaka huu wa 2026 na kuna njia tatu za kuchagua, ya sayansi, ya mambo ya jamii, na ya sanaa na michezo, basi kila mzazi anatafuta njia ya mwanawe kuanzia chekechea. Nimeulizwa na mtu mzima, mwenye ndevu, huyu wako na punda hizi anaelekea njia gani, atakuwa daktari wa wanyama? Ana miaka sita! Anaelekea njia ya kwa babu mwenye punda.

Hiyo ndiyo hofu yangu kubwa kuliko hata ya kutojali. Kuna mzazi asiyejali, huyo mtoto ataponea kwa majirani. Lakini kuna mzazi anayejali mpaka anakaba, akiona mtoto amechora kitu kimoja kizuri kesho yake amempiga picha ameweka stetasi, kesho kutwa amemnunulia rangi za bei mbaya, wiki ijayo amemuandikisha mashindano, na mtoto akichoka anaambiwa na pesa zangu je. Nilishawahi kuwa na mwanafunzi wa kushona kofia, kijana mdogo mwenye mkono wa ajabu, vito vyake, ile nakshi ya kofia, ungedhani ni vya mzee wa Siyu. Nyumbani walipojua kofia nzuri ya mkono inauzwa bei gani wakamuwekea hesabu, kofia kadhaa kwa mwezi. Saa hii hataki hata kuiona sindano. Najua maisha ni magumu na pesa inatafutwa, simlaumu mtu, lakini mtoto mdogo kama yule tungemuacha angalau aipende kazi mpaka ikae mkononi ndipo tumtume sokoni.

Wasichana nao tuwatazame upya. Msichana akikanda unga akaunda samaki na mwezi mchanga kabla haujawa chapati tunamgombeza anachezea chakula. Akitia hina kwenye mkono wa mdogo wake, maua anayatunga kichwani papo kwa papo, hiyo hatuihesabu, hiyo ni mambo ya wanawake. Akikaa kucheza bao na kakake anafukuzwa. Alafu tunasema wasichana wetu hawana vipawa.

Kuna swali moja ambalo naulizwa sana na ni la haki, nalo ni je akiacha. Ametumia miezi yote hiyo kwa punda, ikifika Ramadhani akasema hataki tena, si tumepoteza wakati? Jamani mimi naona dalili tayari, siku hizi anakaa sana na paka pale sokoni karibu na ngome, ana daftari jipya na anataka kujua kwa nini paka wa Lamu wana shingo ndefu. Ahamie tu. Kushona ameshajua, kupima ameshajua, kumuuliza mzee asiyemjua kwa adabu ameshajua, na hivo haviondoki na punda. Na mimi sikununua kitu ambacho nitakaa nikimdai.

Ninachowaomba wenzangu ni muda wa saa moja tu jioni, ile kabla ya magharibi. Maustadh na walimu wa tuisheni mukubaliane nani anammaliza mtoto saa ngapi, manake kuna watoto mtaani kwangu wanatoka nyumbani alfajiri na wanarudi taa zimewashwa, hata kama pwani imejaa maji na vidau vimejaa baharini wao wanavisikia tu. Na wenye kuandaa tamasha la utamaduni kila mwaka, mashindano ya punda na mashua tunayapenda, endeleeni, lakini wekeni pembe moja ya watoto wadogo waonyeshe walichounda bila kupewa namba, pasiwe na wa kwanza wala wa mwisho.

Na wewe mhariri nina ombi. Ukurasa wa watoto kwenye magazeti yetu huwa na picha zilizochorwa na watu wazima mtoto ajaze rangi ndani ya mistari. Tupeni na michoro ya watoto wenyewe, ikija imepinda iwekwe imepinda. Nakutumia na huu wa kwetu pamoja na barua, ni punda na babu yake, masikio ni marefu kuliko miguu na mistari ya mgongoni ipo yote miwili. Mukiuchapa naomba musiikate ile pembe ya kulia chini, nimeambiwa hicho ni kinyesi na ni lazima kionekane.

Mama Fundi,
Langoni, Lamu